Safari Tuliyomwandalia Mpole

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye nyumbani ni kaka yangu mkubwa na kiwandani ni bosi wa wengi mlioketi humu. Mama yetu mzazi, uliyekubali kuja na goti lako hilo linalokusumbua. Ndugu wakufunzi wa chuo. Ndugu mawakala wa mikate yetu. Majirani, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe mhitimu, binti wa mdogo wangu, ambaye ratiba imekuweka mwisho kabisa, baada ya picha: nawasalimu nyote. Wa nyuma mnanisikia? Haya. Mtu aliyezeekea kando ya mashine za kukandia unga, sauti hanyimwi.

Nimepewa dakika chache na kazi moja. Kazi yenyewe ni kuwatangazia kwamba mhitimu wetu, ambaye tangu utotoni tunamwita Mpole, anaanza kazi Jumatatu katika ofisi ya mauzo ya kiwanda cha familia. Meza ipo tayari. Kiti kipo, hata nailoni yake haijatolewa. Nitafika huko, kaka, usinitolee macho. Kwanza niruhusuni niwasimulie safari yetu.

Mpole alipomaliza chuo, ukoo ulikaa ukaamua apewe zawadi. Alisomea upimaji wa ardhi, akala jua, akala vumbi, na hata siku moja hakurudi nyumbani na malalamiko. Tukasema tumpeleke hifadhini akaone wanyama, apumzishe akili. Tukakodi basi dogo, lile ambalo paa lake linafunguka. Tukabeba mikate, si ndiyo kwetu! Tukabeba mayai ya kuchemsha, chupa za chai, na darubini ya kuazima. Ilikuwa furaha tupu.

Lakini mnatujua sisi. Kwetu mtu haketi ovyo ovyo. Kwetu hata mikono tunanawa kwa kufuata nani kazaliwa kwanza. Basi kaka mkubwa akakaa mbele na dereva. Mama akapewa dirisha. Mimi dirisha. Baba yake Mpole dirisha, wifi yangu dirisha, na binamu wakubwa wakayamaliza yaliyobaki. Na mwenye safari yake je? Mwenye safari tulimpachika katikati ya kiti cha nyuma, ndoo ya mayai mapajani, awe anatugawia.

Chekeni tu, siku ile sisi hatukuona ubaya wowote. Tembo akatokea kulia, ukoo mzima ukasimama upande wa kulia, na sauti zikasikika, "Mpole, chumvi iko wapi?" Twiga wakavuka barabara, kaka akaanza kumtolea mhadhara bila hata kugeuka: "Mpole, unamwona twiga anavyotazama mbali? Hivyo ndivyo utakavyoitazama biashara!" Mtoto wa watu akajibu, "Ndiyo, baba mkubwa," huku anamenya yai.

Mchana tukasimama kula, mahali ambapo barabara ya hifadhi inatengenezwa. Palikuwa na wapima ardhi na kile chombo chao cha miguu mitatu. Mpole akaweka ndoo chini akaondoka, hakuaga mtu. Nikamfuata na miguu yangu hii inayovimba, nikidhani anatafuta choo. Nikamkuta ameinamia chombo, anabishana. Ndugu zangu, Mpole anabishana! "Hapana, mkipitisha mtaro huku maji yatasimama. Upite kule." Mkuu wao anakuna kichwa, anacheka, anasema hebu turudie kupima. Nimemlea mtoto huyu, nimemwogesha, nimempeleka hospitali akiwa na homa, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia. Nilisimama pale nikasahau hata miguu.

Tukaendelea na safari, na Mpole akarudi kwenye ndoo yake. Jioni, getini, askari wa hifadhi akamuuliza kwa uchangamfu, "Dada, leo umeona nini?" Akajibu taratibu, kama kawaida yake, "Nimeona kisogo cha baba mkubwa." Tulicheka mpaka basi likatikisika. Mimi nilicheka, halafu nikaitazama ile ndoo mapajani mwake.

Sasa sikilizeni. Yule mkuu wa wapima alichukua namba yake, na wiki hii amempigia. Ana nafasi kwenye kikosi chake. Kazi iko mbali, wanalala kwenye mahema, mvua ikinyesha matope hadi magotini. Jibu analitaka kesho. Nikamuuliza Mpole, "Umemwambiaje?" Akasema, "Sijamjibu, shangazi. Kwani baba mkubwa si ameshasema?"

Nani kati yetu amemuuliza mtoto huyu anataka nini? Tulimuuliza saizi ya joho. Tulimuuliza rangi ya keki. La maisha yake mwenyewe tukalipitia juu juu, tukaenda kununua kiti. Kaka, sikulaumu, na hapa hakuna wa kukulaumu. Umemsomesha kama wa kumzaa mwenyewe, na ofisi ile umeiandaa kwa mapenzi. Ulitania vizuri kwamba aliyepima ardhi hashindwi kupima unga. Kweli hashindwi. Ataketi pale, atachapa kazi, na atatuitikia "ndiyo" mpaka anastaafu, nasi hatutajua kamwe kama alikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kaka yangu.

Nilimwomba ruhusa niyaseme haya mbele yenu. Akanyamaza. Na kwa kuwa kwetu Mpole akinyamaza huwa tunahesabu kakubali, leo na mimi nimefaidi.

Atasema nini, mimi sijui. Huenda ofisi anaitaka. Akiitaka, Jumatatu nitamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni. Akitaka hema, wifi yangu, tutalia mimi na wewe, tukimaliza tutamfungia mizigo. Ila tangazo nililotumwa, silitangazi.

Mshereheshaji, acha kunikonyeza, ratiba naijua. Anayenifuata ni Mwenyekiti. Kaka, kwa heshima zote, nakuomba ukae kidogo, usizungumze kwanza. Naona umeitikia kwa kichwa. Mungu akubariki, hujui ulivyonipunguzia mzigo.

Mpole, mwanangu, njoo. Usiogope, shika kipaza sauti. Hatutaki neno la shukrani, shukrani zako tunazo tele. Tunataka utuambie kesho unamjibu nini yule mtu. Ukitaka kufikiri kwanza, fikiri, chai ipo na hakuna anayekimbizwa.

Ndugu wageni waalikwa, asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa naomba tunyamaze wote, tumsikilize yeye.