Nyundo Zisinyamaze kwa Ajili Yangu

Sogeeni, wanangu, msisimame mlangoni kama wageni. Mkubwa wangu, acha kuninyooshea shuka, limeshanyooka. Binti yangu, niinulie mto kidogo. Na wewe kitinda mimba, futa hayo machozi, hujafiwa bado. Nisikilizeni sasa ningali na sauti, kwa maana tangu kupambazuke nauliza jambo moja na kila ninayemuuliza ananijibu kwa kuniletea maji: mbona nyundo zimenyamaza?

Jana nilizisikia nikiwa hapa hapa kitandani, zikilia ng'ambo ya ua wa miti, kwa jirani yetu mnayemwita Mzee Nongwa, nikajua watu wamekusanyika kumsimamishia ghala jipya baada ya lile la zamani kuliwa na mchwa na kulazwa chini na upepo, nikafurahi, nikalala usingizi mtamu kuliko ule wa vidonge. Leo kimya. Mkamwana wangu ndiye aliyenipa ukweli, Mungu amzidishie: ati Nongwa amewaambia watu washuke, waokote misumari yao, waende zao, kwa sababu huku kwetu kuna mgonjwa mahututi na si adabu kumgongea nyundo kichwani. Mavuno yake yote yamelala chini ya turubai lililotoboka, na mawingu mnayaona wenyewe yalivyokaza uso. Mtu huyo hajanisalimia tangu binti yangu huyu akiwa mgongoni kwa mama yake, na leo yuko radhi mahindi yake yaoze ili mimi nife kwa utulivu. Haya, niambieni, hiyo ni nongwa gani?

Nawe mkubwa wangu nilikusikia, ulidhani nimelala. Ulisema, "Asiyekuja hata kumjulia baba hali, mimi nikampandie paa?" Kisha ukaongeza, "Na watu watatuonaje, baba yuko hoi na sisi tuko juu ya bati?" La kwanza nitakujibu kwa hadithi, la pili nitakujibu kwa amri.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye ua. Yeye anasema niliupanda ndani ya shamba lake, mimi nasema aliupima mpaka kwa macho ya tamaa, na hadi naingia kaburini nasema niliye sahihi ni mimi, msije mkawaambia watu kuwa mzee alilegea mwishoni. Basi siku ya kusimamisha ghala letu, hili mnaloliona, tulikuwa tayari hatusemezani, na mama yenu, Mungu amrehemu, aliniambia nisimtegemee. Hapakuwa na barua wala tarumbeta. Watu waliona nguzo zimelazwa uwanjani, aliyeona akamwambia mwenzake, na asubuhi uwanja ukajaa: seremala na msumeno wake aliouvika gunia kama mtoto mchanga, mwashi, ambaye alikuja kubeba tu kwa vile kazi ile haikuwa na tofali hata moja, na muuza maziwa, mama yule mwembamba, aliyemwachia dada yake ndoo akapanda juu ya mapau wakati wanaume wenye misuli wanatafuta sababu za kubaki chini. Wanangu, nimeona vitu vizuri duniani, lakini sijaona kizuri kama watu wanaonyanyua boriti moja kwa pumzi moja. Mwenye nguvu anabeba zaidi na hasemi, aliyechoka anapishwa bila kuaibishwa, na yule anayejifanya kubeba kumbe ameshika tu, naye anavumiliwa, maana kelele zake zinasaidia.

Kisha akaja Nongwa. Alikuja na nguzo begani, mti mgumu ambao mchwa hauwezi, nguzo aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya ghala lake mwenyewe, akaitua katikati ya uwanja, akamwambia seremala, "Ya kati hiyo." Mimi hakunitazama. Lakini kazi haina haya, ikatuweka pamoja, kwa kuwa nguzo ile ilitaka watu wawili wa kimo kimoja, mmoja huku na mwingine kule, pua zetu karibu zigusane. "Seremala," akasema, "mwambie mwenye ghala ashike wima, aache kuegemea." Nami nikasema, "Seremala, mwambie huyo bwana ashindilie udongo, mahubiri baadaye." Maskini seremala akawa anayachukua maneno yetu na kuyapeleka umbali wa shubiri moja, huku na huku, mpaka akachoka: "Jamani, nyote wawili mnasikia, mimi nina misumari mdomoni!"

Jioni, bati la mwisho limekwisha kupigiliwa, mbao zimezunguka pande zote, watu wanapongezana kwa chai, ndipo mtu akauliza iko wapi ngazi ndefu. Ilikuwa ndani. Tumejenga ghala zuri, tukaifungia ngazi humo kama mwizi, na kila tulivyoipindua haikutoka, kichwa kikifika mlangoni mkia unagonga paa. Nongwa alikaa chini akacheka mpaka machozi, nami nikamwegemea begani nikicheka, na kwa muda ule hapakuwa na ua wala mpaka. Ikabidi tuukate ukuta wa nyuma. Kile kidirisha mnachowaambia wageni kwamba baba alikibuni kwa ajili ya hewa ndicho hicho, samahanini. Kisha Nongwa akakumbuka kuwa tumegombana, akajifuta uso, akachukua nyundo yake, akaondoka bila kuaga. Kesho yake nilimsalimia. Akamwitikia mbwa wangu.

Ndivyo alivyo, na kwa hilo namheshimu kuliko ninavyowaheshimu rafiki zangu wengi. Kumsaidia umpendaye ni jambo jema, lakini halikutoi jasho. Yeye alimsaidia mtu asiyempenda, akampa mti wake ulio bora, na baada ya hapo hakuja kunidai tabasamu. Ghala lake mwenyewe akalijenga kwa miti laini, nayo ndiyo iliyoliwa. Lakini sisemi mwende kwake kwa ajili ya nguzo, maana alipoileta hakuikopesha. Nendeni kwa sababu mvua inakuja na mtu ana mahindi chini. Sababu nyingine haitafutwi.

Nipe maji, mama. Kidogo tu. Basi.

Vitu vyangu ni vichache, havitaki mkutano. Shamba la juu ni la mkubwa. La bondeni ni la binti yangu, na asije mtu kumwambia aliyeolewa hana fungu, kwa kuwa ndiye aliyelima wakati ninyi wengine mnasifia mazao. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, na wenzake wana mahali pa kulala humu siku zote, hata wakija wamenuna. Ghala msiligawe, mtumie pamoja, kwani ghala likigawanywa linabaki mbao. Ngazi ndefu inalala kwetu lakini si yetu, ni ya kila aliyewahi kuipanda, na atakayekuja kuichukua msimuulize ataileta lini. Ua uacheni ulipo. Msimfuate Nongwa wala wanawe kwa habari ya mpaka, wala msiende kwa wazee wa mtaa. Ugomvi ule ni wangu na yeye, siwarithishi.

Sasa lile la pili, mkubwa wangu. Unauliza watu watawaonaje. Watawaona juu ya paa la jirani, baba yenu akiwa katika hali hii, na mwenye akili atajua mlilelewa. Asiye na akili mwacheni aseme, mdomo ni nyumba ya maneno. Mtakwenda leo, sasa hivi, nyote watatu, na mtawapitia seremala na wengine mmoja mmoja muwarudishe. Nongwa atakataa. Msibishane naye, anzeni tu kupigilia. Yule hawezi kuona msumari umepinda akanyamaza. Atakuja mwenyewe kuwasema, na akianza kuwasema mjue kazi imeanza. Nikikata roho bati halijaisha, mkamwana atanifunika shuka na kufunga mlango, nanyi mmalize. Asitumwe mtu kuwaita, maana mwenye msiba juu ya paa huanguka. Mimi naweza kungoja. Mahindi yakilowa yanachipua.

Ngojeni... pumzi imekwenda mbali, inarudi. Wanangu, Mungu awape majirani wagumu wenye mioyo mizuri. Siku ya shida yenu awajazie uwanja watu msiowaita. Mikono yenu isikose wa kuishika... wala wa kuisaidia. Nimewaridhia, kila mmoja, hamna aliyebaki na doa kwangu... na mkamwana pia, yeye hasa, kwa kunieleza ukweli.

Mbona bado mmekaa?

Binti yangu, uachie mkono wangu, unahitajika huko. Najua... mnaogopa nitakufa peke yangu. Kila mtu hufa peke yake, wanangu. Hata mkijaa chumba hiki mpaka dirishani... hakuna wa kunisaidia kubeba. Kazi hii naiweza. Ghala ndilo... ndilo asiloliweza mtu mmoja. Mkubwa wangu, nyundo iko nyuma ya mlango. Simama. Nenda, baba... nenda.