Safari za Mwalimu Leonardi Masatu na Wenzake Wawili

Leonardi Evance Masatu alizaliwa Nyegina, Musoma Vijijini, Alhamisi tarehe 6 Novemba 1980, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Evance Masatu na mama Mary. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Leonardi, kwa hiyo jina halikuhitaji kikao. Mzee Evance alikuwa mvuvi, na mama alilima mihogo. Leonardi alipokuwa na miaka minane alipotea nyumbani siku nzima. Watu wakamtafuta ufukweni kwa hofu ambayo kila mzazi wa huku anaijua. Jioni akaonekana anarudi kwa miguu kutoka Musoma mjini, vumbi hadi kwenye nyusi. Baba alipomuuliza kilichompeleka huko, alijibu, "Nilitaka kuona sato wetu wanaendaga wapi." Mzee alikuwa ameshika fimbo. Akaiweka chini, akacheka hadi akakaa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Nyegina kuanzia 1989 hadi 1995, kisha sekondari mjini Musoma hadi 1999. Mwaka 2001 alijiunga na chuo cha ualimu Tarime, akapangiwa chumba kimoja na vijana wawili. Mmoja alikuwa Kija Machibya, mtoto wa wakulima wa pamba wa Guta, Bunda, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno, aliyejua kupika kuliko wapishi wa chuo. Wa pili ni Paschal Wambura wa Butiama, ambaye hajawahi kukutana na mtu akashindwa kuongea naye, na ambaye tuko naye hapa leo.

Walipohitimu mwaka 2003, wenzao walipanda mabasi kurudi makwao. Hawa watatu waliamua kutembea. Nauli walikuwa nayo, ila Leonardi alisema nchi ambayo umeipita umesinzia kwenye kiti ni sawa na hukuipita. Walivuka Mto Mara pale Kirumi wakiimba, wakalala kwenye baraza za shule na makanisa, wakala mihogo ya kuchoma na maziwa ya mgando waliyopewa na watu wasiowajua. Walipumzika siku moja kwa kina Paschal Butiama, na siku ya sita wakaingia Guta wakichechemea. Mama yake Kija, bibi Ngolo, hakuuliza lolote. Aliwaketisha kwenye mkeka, akachemsha maji, akatia chumvi, akawaosha miguu mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza alisema, "Nilikuwa na mtoto mmoja. Sasa ninao watatu." Na kweli kuanzia siku hiyo aliwaita hivyo.

Leonardi aliajiriwa mwaka huo huo kufundisha shule ya msingi wilayani Bunda, na hakuhama tena. Alifundisha jiografia na baadaye Maarifa ya Jamii kwa miaka ishirini na miwili. Wanafunzi wake wa zamani wanakumbuka kwamba hakuwahi kutaja mto bila kueleza maji yake yana baridi kiasi gani, kwa sababu alikuwa ameshaoga humo.

Kila likizo ya Desemba wale watatu walikutana stendi ya Bunda, kila mmoja na begi moja mgongoni, na walikuwa na kanuni ya kwamba guesti ni kwa wagonjwa na maharusi. Kija alibeba sufuria na unga. Paschal alikuwa mdomo wa msafara, yeye ndiye aliyeomba maji, njia na mahali pa kulala. Leonardi alikuwa na ramani, na mwenye ramani ndiye aliyeamua waende wapi na waondoke saa ngapi. Walikwenda Ukerewe kwa baiskeli, wakavuka na kivuko cha Kisorya, wakalala darasani juu ya madawati na kula machungwa hadi midomo ikawachonyota. Walikwenda Kigoma kwa treni, daraja la tatu, siku mbili na nusu, na walipofika walikuwa wamealikwa kwenye harusi mbili na kipaimara kimoja na abiria wenzao. Walipanda basi la kwenda Arusha linalokatiza Serengeti, na Paschal akawashawishi abiria wote wamwombe dereva apunguze mwendo kwenye kila kundi la tembo. Kija alisema siku ile, "Wazungu wanavuka bahari kuja kuona hiki kitu. Sisi tunakionaga kwa nauli ya basi, tena na karanga mkononi." Leonardi alilirudia neno hilo mara nyingi maishani, na kwa miaka mingi alilirudia akicheka.

Tarehe 28 Desemba 2013, katika parokia ya Butiama, alifunga ndoa na Wankyo, binamu yake Paschal. Wiki moja baada ya harusi aliwachukua bibi harusi na wenzake wawili, wakaenda wote kwa baiskeli hadi Kisorya, na Wankyo akiwa kwenye keria. Wifi yetu huyu alizoea kusema, "Mimi niliolewa na watu watatu, ila anayekoroma ni mmoja tu." Walijaliwa watoto wawili, Sabina, aliyezaliwa 2014, na Kija, aliyezaliwa Aprili 2017.

Marehemu aliagiza kwamba sehemu inayofuata isirukwe. Mwezi Agosti mwaka huu alimwita dada yake Tereza, anayesoma wasifu huu, akamwambia, "Usiniandikie sifa. Andika habari ya Guta jinsi ilivyo. Niliwadanganya watu msibani, kwa hiyo msibani ndiko isomwe." Familia ilikaa, ikabishana, na mama yetu alikataa kwa siku mbili. Mwishoni alisema ni neno la mwanaye na lisomwe.

Desemba 2016 wale watatu walikwenda Loliondo, wakateremka kwa miguu kuelekea Ziwa Natroni, kwa sababu Leonardi alikuwa amesoma habari za flamingo wa huko na alitaka kuwaona kwa macho yake. Siku ya tatu ya kutembea, Jumatatu tarehe 19, Kija aliamka anaumwa kichwa. Mchana alivaa sweta juani. Alasiri walikuwa kwenye kijiji kidogo kisichokuwa na zahanati, nusu siku tu kutoka ziwani, na likapita lori la mbuzi wa mnada linalorudi Wasso, kwenye hospitali.

Paschal alisema, "Leonardi, tumpakie huyu."

Leonardi alimtazama Kija, akatazama na ramani. "Ni jua tu limempiga," alisema. "Apumzike hapa. Kesho asubuhi tunaona ndege, halafu tunapanda lori la kesho."

Dereva aliuliza mara ya pili kama wanapanda. Kija mwenyewe, akitetemeka, alisema, "Mimi naweza, bhana. Msiharibu safari kwa ajili yangu." Leonardi akampungia dereva mkono aende.

Kesho yake lori halikuja. Kija alikuwa hawezi kusimama, na Paschal alibaki naye akimkanda kwa kitambaa cha maji. Leonardi alitoka alfajiri kwenda kutafuta gari. Kwa miaka minane na nusu alisema hivyo, kwamba alikwenda kutafuta gari. Mwaka huu alisema ukweli: alikwenda ziwani. Alijiambia kwamba kwa watalii kutakuwa na gari, na huenda kweli aliamini hivyo, lakini alipofika hakuanza kwa kuuliza gari. Alisimama akawatazama wale ndege. Walikuwa wengi hadi maji hayakuonekana. Hakukumbuka alisimama muda gani. Gari hakulipata.

Lori lilikuja Jumatano tarehe 21. Kija Machibya alifariki njiani, kwenye mlima wa kupanda Wasso, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Leonardi, akiwa na miaka thelathini na saba. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani, na kwamba aliitoa nyumbani kabla ya safari. Alisema pia kwamba wangemfikisha Jumatatu angepona.

Msibani Guta watu waliuliza ilikuwaje. Leonardi alisimama mbele yao akasema ugonjwa ulikuja ghafla na gari halikuwepo. Paschal alikuwa amekaa pembeni yake, akainamisha kichwa. Mama yake Kija alinyanyuka pale alipokuwa, akamkumbatia Leonardi mbele ya watu wote. Alisema, "Ahsante, mwanangu, kwa kutomwacha mwenzio peke yake."

Hakusafiri tena. Baiskeli aliigawa, ramani alizipeleka shuleni. Paschal alimwita kwa miaka mitatu mfululizo, hata kwa safari fupi tu ya Ukerewe, naye alikuwa na kisingizio kila mara, mpaka Paschal akaacha. Hao wawili waliokuwa wakilala blanketi moja wakawa wanasalimiana kwenye semina za walimu. Wanafunzi wa miaka ya karibuni hawajui hadithi hata moja ya mto. Wankyo alipojifungua mtoto wa kiume, bibi Ngolo alikuja kutoka Guta na kuku wawili, akaomba mtoto aitwe Kija. Hakuna aliyekataa. Tangu alipojua kutembea, mtoto huyo amekuwa akienda Guta kila likizo, na bibi yule akimwita "mume wangu." Kila mavuno bibi alimtumia Leonardi gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na Leonardi aligawa lote kwa majirani. Mkewe alidhani haipendi.

Mwezi Februari 2024 chakula kilianza kumkwama. Kwanza ugali, halafu wali, halafu uji. Mwezi Julai vipimo vya Mwanza vilionyesha saratani ya koo la chakula. Alitibiwa kwa mionzi, akapata nafuu kidogo, na mwaka huu mwezi Mei ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Wankyo alimuuguza nyumbani Bunda bila kulalamika, akihesabu vijiko vya maziwa.

Jumapili tarehe 20 Julai bibi Ngolo alikuja kumwona. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, Kija alikutangulia. Atakupokea." Leonardi akaanza kulia, na kwa sauti ile iliyobaki, ya kukwaruza, akamweleza yote. Lori. Mkono alioupunga. Ndege. Wankyo alikuwa mlangoni na chai, naye aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Bibi Ngolo hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja, "Paschal alijua?" Leonardi akasema alijua habari ya lori. Bibi akautoa mkono wake taratibu, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Mtoto Kija alikuwa uani, akamkimbilia. Bibi alimpita, akaenda stendi. Likizo iliyofuata mtoto hakwenda Guta, na anauliza mpaka leo amekosa nini.

Paschal alikuja mwanzoni mwa Septemba, na hao wawili wakakaa pamoja siku nzima. Alhamisi tarehe 11 Leonardi alimwomba aende Guta akaombe msamaha kwa niaba yao wote wawili. Paschal alimkuta bibi Ngolo shambani anang'oa miti ya pamba. Aliongea. Yeye mwenyewe anasema ndiyo mara ya kwanza maishani maneno yalimwishia. Bibi aliendelea kung'oa.

"Nimesikia," alisema.

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie nimesikia."

Ijumaa Paschal alirudi Bunda na neno hilo. Leonardi alilisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akauliza, "Alisema kwa sauti gani?"

Paschal alijaribu kukumbuka. Alishindwa kumjibu, na hakutaka kumdanganya.

Mwalimu Leonardi Evance Masatu alifariki kesho yake, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Bunda, akiwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa amepewa mpako wa wagonjwa. Hakusema neno jingine baada ya lile swali.

Ameacha mama yake mzazi, mama Mary, mke, Wankyo, watoto wawili, Sabina na Kija, dada watatu na kaka wawili, rafiki yake, Paschal, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Ameacha pia mama mmoja wa Guta aliyemwita mwanangu kwa miaka ishirini na miwili. Taarifa ya mazishi alipelekewa. Ratiba hii ya mazishi ilipokwenda kuchapwa mtaa wa Mukendo, Musoma mjini, jana Jumanne, alikuwa hajajibu kama atakuja.

Bwana ampe Leonardi pumziko ambalo kwetu hakulipata.