Majoka Yaliyoona Kupita Ukungu: Miaka Kumi na Tisa ya Mama Ngome

Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, mpimaji wetu mkuu wa michezo ya kompyuta, Mama Ngome, anastaafu tarehe 30 Juni. Jamani! Tangazo lilipobandikwa ukutani, mwandishi wa makala haya alilisoma mara tatu akidhani wamekosea mtu.

Alianza kama mpokea wageni. Siku moja mpimaji aliugua, mkurugenzi akamwomba akae kwenye kompyuta ya mgonjwa acheze tu. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameandika makosa kumi na mawili kwenye daftari la shule la mwanawe. Mapokezini hakurudi tena.

Tangu hapo amekalia kiti kilekile chenye taulo mgongoni, ghorofa ya tatu, akipigana vita vya wafalme, wachawi na majoka. Kazi yake ni kupima kama mpinzani anayeendeshwa na kompyuta anacheza vizuri, na kama anacheza kwa haki. Wajukuu zake huwaambia walimu kwamba bibi yao analipwa kuchoma miji, na ni kweli.

Miaka sita iliyopita, wiki mbili kabla ya kuzindua mchezo wetu mkubwa, mpinzani wa ngazi ya juu alimshinda mara arobaini na moja mfululizo. Ofisi nzima ilipigwa na butwaa. Mkurugenzi alitembea kifua mbele, akisema tumetengeneza kichwa cha ajabu. Mama Ngome peke yake alifungua daftari lake.

Katika mchezo ule, mahali ambapo wapelelezi wako hawajafika hufunikwa na ukungu, na sheria hiyo ni ya mtu na kompyuta sawasawa. Basi akajenga ngome nyuma ya milima, ambako hakuna mpelelezi wa kompyuta aliyefika, akaondoa walinzi kwenye lango moja. Majoka yakaja moja kwa moja kwenye lango lile. Akabadilisha lango mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja yakalifuata. Makubwa!

Alikuja kwenye meza ya aliyeandika programu ya mpinzani, akafungua daftari, akauliza kwa upole majoka yameambiwa na nani. Mtu huyo alimwaga chai kwenye kibodi. Mtu huyo ni mimi, na wengi wenu mnaisikia habari hii leo kwa mara ya kwanza. Nilimpa mpinzani macho ya wizi kwa sababu bila hayo alikuwa zuzu, na niliogopa kufukuzwa.

Ripoti yake ilisema tu kwamba mpinzani anaona kupita ukungu, arekebishwe. Jina langu hakuliandika. Uzinduzi ukasogezwa miezi minne, mkurugenzi akafoka, Mama Ngome akamwambia kwamba ni yeye anayeuhitaji muda huo. Tulipoyaondoa yale macho tukashtuka upya: mfalme wa kompyuta alilizungusha jeshi lake kando ya ziwa mpaka likafa njaa. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mama Ngome alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavuta kiti, akaanza kunieleza hatua kwa hatua jinsi mtu anavyofikiri akiwa haoni mbele.

Mchezo ulitoka na mpinzani wa wastani, tukaendelea kumnoa toleo baada ya toleo. Bila macho ya wizi hakuwahi kumshinda Mama Ngome hata mara moja, mpaka Jumanne iliyopita.

Ngome yake kuu ilianguka saa tisa na dakika kumi alasiri. Mwenyewe alishika mdomo. Halafu, mbele ya mkurugenzi na sisi sote, akaniambia nifungue programu, akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, katika lugha ya kompyuta aliyojifunza akiwa na miaka hamsini na mitano. Ilichukua saa moja na nusu. Jasho lilinitoka, ingawa safari hii sikuwa nimeiba chochote. Alipomaliza aliandika kwamba mpinzani ameshinda kwa haki, akatia sahihi, akanipa mkono. Nililia mbele za watu bila aibu.

Mkurugenzi akitaka kuniita ofisini baada ya kusoma haya, nitakuja. Asante sana, Mama. Sote tunakuombea ustaafu mwema, afya tele na wajukuu wasiokuchosha. Nenda bila wasiwasi. Hatutaiba ukishatupa mgongo.