Anachopenda Filomena

Benchi la mbele ya baa ya Vito lina wenyewe. Asubuhi hukaliwa na Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha hata paka. Breki, dereva wa basi mstaafu. Na Rocco, ambaye leo kahawa imempoa mkononi. Jumamosi ni kumbukumbu ya ndoa yake, na Filomena amesema anataka safari ya usiku mmoja, wao wawili tu. Asipompeleka, atakwenda na dada yake. Mama wa watu ana haki, maana hata fungate Rocco alimpeleka kwa mama yake mwenyewe, na bibi harusi ndiye aliyepika.

— Lecce, akasema Profesa. Makanisa ya mji ule yamechongwa mpaka malaika wana vitambi. Mtembeze taratibu, mshike mkono.

— Amshike mkono kwani anaanguka? Breki akadakia. Safari ni tumbo, bwana! Mpeleke Napoli, mle pizza wima, barabarani.

— Shemeji kasimama jikoni maisha yake yote, leo akasimame na Napoli?

— Basi Sisili. Mpandishe Etna. Akiona mlima unafoka moto, atakuona wewe mpole.

— Na ukilipuka?

— Wanakufa pamoja. Unataka mapenzi gani tena?

— Jamani, msinizingue, akasema Rocco. Hii ni ndoa yangu.

Lecce ikapita, kwa kuwa Etna ilimtisha hata Breki. Rocco akapiga simu kwenye nyumba moja ya wageni, akaiweka simu katikati ya benchi, sauti juu, ili wote wasikie. Akapokea mama mmoja, Ornella, sufuria zikigongana nyuma yake.

— Chumba kipo, baba. Na jioni nawapikia mwenyewe, meza yenu peke yenu. Mama anapenda kula nini?

— Tambi za kuoka! Na mbilingani, na mwanakondoo wa Pasaka, akipika yeye usiombe!

— Hivyo ni vyakula anavyopika. Nauliza anavyopenda kula.

Rocco akawageukia wenzake. Breki akachungulia kikombe kitupu. Profesa akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Rocco akaiona akilini meza yao ya Jumapili. Wote wanagombea tambi za katikati, laini, zenye jibini. Filomena anakaa wa mwisho, anakwangua pembe iliyoungua kwenye sinia. “Mimi napenda hii,” husema. Na Rocco miaka yote aliamini, kwa sababu kuamini kulimfaa. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Baba, upo?

— Nipo. Usikate.

Akainuka, akaenda mpaka chini ya roshani yao, hapo hapo juu ya baa. Filomena alikuwa anakung'uta kitambaa cha meza.

— Filo!

— Nani kafa?

— Hajafa mtu. Wewe unapenda kula nini?

Kitambaa kikaning'inia. Vito akazima mashine yake ya kahawa ili asikie.

— Mimi?

— Wewe, mke wangu.

Filomena akakikunja kitambaa taratibu, akakiweka begani.

— Pembe iliyoungua siipendi, akasema mwishowe. Hiyo nina hakika. Mengine sijui, Rocco. Ngoja nifikirie.

— Mwambie asiharakishe, Ornella akasema kutoka kwenye simu pale benchini. Jiko langu linamsubiri.

Rocco akavua kofia, akabaki pale pale chini ya roshani, akimngoja mkewe afikirie.