Klachi ya Kisigino

Kwenye basi la kutoka Kahama, mwaka 1978, mbele yangu alikaa Bujiku, bwana shamba, amepakata pedeli ya chuma. Mama Paskalina, jirani yake wa safari, akamuuliza ni ya nini.

"Ni klachi ya pikipiki, mama. Vidole vyangu vya mkono wa kushoto viliumizwa na mashine ya pamba, havina nguvu ya kuivuta. Fundi Praful amenitengenezea hii ya kukanyaga. Kisigino klachi, vidole vya mguu gia."

"Mguu mmoja kazi mbili? Hiyo si pikipiki baba, ni ngoma! Mkeo anasemaje?"

"Sijamwambia."

"Kumbe mashine haikuumiza vidole tu!"

Basi zima likacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Bujiku naye alicheka, kisha akasema taratibu, "Nisipoendesha, wakubwa wangu watanifungia ofisini, mama. Wakulima wangu wako mbali."

"Mwambie mkeo kwanza."

"Ataificha."

"Na aifiche!"

Basi likasimama Shinyanga. Mama akashuka, akageukia dirishani. "Ukipita mtaani kwangu Kambarage, karibu chai. Ila piga honi mapema, nina vifaranga."