Historia ya Mama Toleo, na Tarehe Moja Inayosahihishwa

Ndugu waombolezaji, tunawaomba mjenge picha ya chumba chembamba ghorofa ya pili, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, na mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi amekaa mbele ya skrini nyeusi, anaandika jina la programu, anaongeza neno "toleo", na programu inamjibu kwa mistari mitatu, namba yake, tarehe ilipoundwa na jina la aliyeiunda, kama mtoto mgeni darasani anayesimama kujitambulisha. Huyo ndiye marehemu, na kwa kuwa hakuruhusu programu itoke chumbani humo bila kujua kujitambulisha, wenzake walimwita Mama Toleo.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1968 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari hadi 1985, kisha chuo cha kompyuta, na tarehe 2 Machi 1992 akaajiriwa idara ya chanjo, ambako aliandika programu inayowapangia watoto siku za kurudi kliniki. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi seremala, wakajaliwa mabinti wawili.

Mdogo wake wa kiume, aliyefanya kazi naye chumba kimoja, ameomba sehemu inayofuata isirukwe.

Jumanne tarehe 11 Agosti 2009, mdogo wake akiwa peke yake ofisini, mkuu wa idara alipiga simu, asiulize nani amepokea, akitaka hesabu ya siku irekebishwe upesi, naye akairekebisha, akaiunda programu upya na kuituma kliniki zote kabla ya saa sita, ila mistari ile mitatu, ambayo wakati huo iliandikwa kwa mkono, hakuigusa, kwa sababu namba mpya ilidai majaribio ya siku mbili na yeye alitaka kusifiwa kwa haraka yake. Hesabu ilikuwa na kosa. Watoto mia moja sitini na watatu walipangiwa kurudi mwezi mmoja baada ya siku yao, na wawili kati yao waliugua surua, wakalazwa, wakapona.

Mkuu alipokuja aliiuliza programu mbele ya watu wote, ikajibu toleo 4.2, imeundwa tarehe 22 Julai, na jina la dada. "Jina lako hili hapa, mama, au mashine inakusingizia?" Mdogo wake alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akaendelea kuipuliza. Dada alihamishiwa stoo ya karatasi, akakaa huko miaka mitatu na miezi minne.

Alimuuliza mara moja tu, nyumbani, akichambua mchele. "Mdogo wangu, uligusa kitu?"

"Hapana, dada. Niguse nini mimi?"

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua.

Aliporudishwa chumbani Januari 2013, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifanya mashine yenyewe iandike namba, tarehe na jina la muundaji kila programu inapoundwa, asiweze mtu kusahau wala kuficha, kisha akamgeukia mdogo wake na kumwambia, "Nimekupunguzia kazi ya kukumbuka." Wote walicheka, mdogo wake akacheka nao, kisha akaenda kunawa uso.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Mdogo wake alimpeleka kusafishwa damu kila Alhamisi, na kila Alhamisi alidhamiria kusema, akaishia kuzungumzia mvua, hadi Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, dada alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotujia bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake, mkuu wa zamani akiwemo, ambaye tumemwona ameketi safu ya tatu. Dada yetu, pumziko lako liwe la amani.

Nanyi mliobaki, mdogo wake anawaomba kwa unyenyekevu mkumbuke jambo moja: tarehe 11 Agosti 2009 dada hakuwa kazini, alikuwa hospitalini na binti yake aliyevunjika mkono, na aliyeiunda programu ile ni yeye, mdogo wake.