Miaka Thelathini na Miwili Topeni: Kumuaga Ramata Sagna

Tarehe 31 Machi, Ramata Sagna anatua mzigo baada ya miaka thelathini na miwili ya kupima na kulinda mikoko ya delta ya Saloum, hapa Senegali. Niliyeombwa kuandika ni mimi, Latyr Thiaw, niliyefanya naye kazi miaka ishirini na kumwonea wivu yote ishirini. Yeye Mjola, mimi Mserer; makabila yetu ni watani, kwa hiyo naruhusiwa kusema.

Mwaka 2009 kampuni moja iliomba hori la Ndiobol, mkono wa bahari unaoingia kijijini nilikozaliwa, ichimbe mabwawa ya kufugia kamba. Nikatumwa kupima kaboni iliyohifadhiwa pale. Nikapima mashina, na mikoko ile ni mifupi kama mtama wa mwaka wa ukame. Nikaandika: kaboni kidogo, hasara ndogo.

Zikabaki siku sita kibali kitolewe. Ramata aliisoma taarifa yangu, akaniuliza tope lina kina gani. Sikujua. Basi akaenda na kina mama waokota chaza, akazama hadi kiunoni, wakashindilia bomba la kuchotea udongo mpaka likagoma: mita mbili na nusu za tope jeusi lililofukia kaboni ya karne na karne. Mabwawa yangeifukua yote na kuirudisha hewani. Kibali kikakataliwa.

Kina mama wale ni shangazi zangu wa damu. Nilitegemea walau kusikia kwamba Latyr naye alijitahidi. Shangazi Khémesse alinitazama miguuni, akasema: "Mwanangu, huyu mla wali wa Kijola ana tope mpaka kwenye nyusi. Viatu vyako wewe hata chumvi havijaonja. Sogea huko, waliofanya kazi wapate kula." Ramata akapewa sahani ya chaza. Mimi nikapewa maganda nikayatupe.

Kilichoniuma zaidi ni taarifa ya mwisho. Aliandika kwamba miti ilipimwa na Thiaw, tope likapimwa na Sagna. Hakuandika popote kwamba nilikosea, wala hajawahi kumwambia mtu. Mtu wa namna hiyo unamchukia vipi?

Sasa shangazi zangu wamempa nyumba Ndiobol, ufukweni kabisa. Mimi sijapewa hata banda.

Ramata, asante. Kosa lile lilikuwa langu, na leo limeandikwa. Ofisi nzima inakutakia maisha mema na afya tele; nami nakutakia hayo hayo, kwa shingo upande.